Grafiki Ikifa, Usikimbilie Kariakoo

Mauzo ya tumbaku yakishapita na fedha kuingia mifukoni, Tabora huanza kuoa na kuoza. Studio za video hujaa kazi, kompyuta huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku wa manane. Huo ndio wakati ambao vumbi la kiangazi limepamba moto na joto la Septemba na Oktoba halina mzaha. Kwa hiyo kadi ya grafiki, kama ni ya kufa, itakufa hapo hapo: kianzio cha mteja kimeshaliwa, bibi harusi anapiga simu kuulizia video yake, na skrini ni nyeusi.

Wengi wetu humpigia mtu wa Kariakoo siku hiyo hiyo na kumtumia pesa kwa simu. Ushauri wangu ni kwamba hilo liwe jambo la mwisho, na mara nyingi lisiwepo kabisa. Mkazi wa Dar es Salaam akiuziwa kadi mbovu hupanda daladala akairudisha jioni ile ile. Wewe wa Tabora utalipia parseli ya basi kuja, utalipia kuirudisha, na muuzaji anajua fika kwamba huna njia ya kumfuata dukani. Mji huu unajua kungoja mizigo ya pwani. Mwaka 1872, pale Kwihara nje kidogo ya mji, David Livingstone aliachwa na Stanley tarehe 14 Machi akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani. Walifika tarehe 14 Agosti. Leo basi limeifupisha njia ya misafara, lakini mzigo mbovu kuurudisha ulikotoka bado ni shughuli, na gharama yake hubaki kwa aliye mbali.

Jambo la kukutuliza kwanza: kazi za wateja hazimo ndani ya grafiki. Picha na video zote zipo kwenye hadi diski. Ukiichomoa na kuichomeka kwenye kompyuta ya jirani, utazikuta. Kwa hiyo hakuna sababu ya kufanya uamuzi wa fedha ukiwa na hofu.

Kabla ya kuzika, hakikisha marehemu ni nani. Skrini nyeusi ina washukiwa wengi: waya wa VGA, monita yenyewe, ramu yenye uchafu, pawasapulai iliyochoka. Anza na vya bure. Badilisha waya. Ijaribu monita kwenye kompyuta nyingine. Kisha zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, halafu fungua kasha. Chomoa ramu, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, irudishe mpaka ilie kaa! Fanya vivyo hivyo kwa kadi ya grafiki. Huu si ushirikina wa mafundi. Vumbi na kutu nyembamba kwenye meno hayo huzuia umeme mdogo kupita, na mashine nyingi "zilizokufa" hufufuka kwa ufutio tu.

Sikiliza pia mlio. Kwenye mashine nyingi za zamani, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na mifupi miwili ni lalamiko la grafiki. Kompyuta za ofisi za Dell na HP zina lugha zao za milio na za taa zinazowaka na kuzima. Tafuta maana kwa kutumia namba kamili ya modeli.

Kama picha inaonekana lakini ina mistari au vimraba vya rangi, angalia vinaanza lini. Vikiwepo tangu nembo ya kampuni inapotokea, kabla Windows haijaanza kupakia, kadi yenyewe inaumwa. Picha ikiwa safi mwanzoni na kuharibika baada ya Windows kuingia, mshukiwa ni draiva: ifute kabisa ukiwa kwenye Safe Mode kwa programu ya DDU, ambayo ni ya bure, halafu weka upya. Usilipe mtu fedha ya kadi kwa ugonjwa wa draiva.

Kuna na ugonjwa wa feni, nao unanikera kwa sababu unaua kadi nzima bure. Feni ikikwama, kadi hupanda joto, hujipunguza kasi, mwishowe huzima skrini katikati ya kazi. Mashine ikipoa inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo dalili. Feni ya kasha la kompyuta mbovu, ikifungwa juu ya kipoza joto cha kadi kwa vibanio vya plastiki vya kufungia waya na kupewa umeme wa volti 12 kutoka pawasapulai, haitapendeza macho ila itafanya kazi. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka ibadilishwe. Dawa ya meno haifai. Najua inatumika, lakini hukauka upesi, na ikishakauka inazuia joto badala ya kulipitisha. Unapopuliza vumbi, ishikilie feni kwa kidole isizunguke, na ukitumia upepo wa gereji hakikisha haurushi maji wala mafuta.

Tuseme umepima yote na kadi kweli imekufa. Sasa itoe, na ujaribu kuishi bila yake.

Hapa ndipo watu wengi wa bajeti ndogo hawajui walichonacho. Geuza kasha utazame nyuma. Mara nyingi kuna soketi za picha mahali pawili: moja kwenye kadi iliyokufa, nyingine kwenye mazabodi yenyewe, karibu na soketi za USB. Prosesa nyingi za Intel zina grafiki yake ndani. Kompyuta za ofisi zilizotumika ambazo zimejaa nchini, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, karibu zote zinayo. Hamisha waya wa monita uweke kwenye mazabodi, washa. Isipowaka, chomoa umeme, toa betri ndogo ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe. Bayosi itasahau kwamba iliwahi kuambiwa itafute kadi. Kumbuka kwamba OptiPlex nyingi za aina ya 7010 na 9020 hazina HDMI. Zina VGA na DisplayPort, kwa hiyo waya wako wa HDMI hautakuwa na pa kuingia.

Tazama herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa. Intel yenye F mwishoni, mfano i5-9400F au i3-10100F, haina grafiki ndani, na hapo hutakuwa na ujanja ila kutafuta kadi. Kwa Ryzen za miaka ya 2018 hadi 2021, yenye G ndiyo iliyo nayo. Ukinunua kompyuta siku nyingine, herufi hiyo moja iulizie kabla ya rangi ya kasha na taa zake.

Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye ramu. Ramu mbili za GB 4 zikikaa pamoja huipa njia pana kuliko moja ya GB 8. Kwa hiyo kama una fedha kidogo ya kutumia wiki hii, ramu ya pili ya DDR3 iliyotumika ni matumizi bora kuliko kadi yoyote ya bei rahisi. Angalia tu kama mashine yako ni ya DDR3 au DDR4, hazibadilishani.

Je, kazi yako itaenda? Inategemea kazi. Mwenye steshenari anayechapa barua, kuscani vyeti, kujaza maombi ya HESLB na ya Ajira Portal na kutoa picha za pasipoti hakuwahi kuihitaji kadi ile, aliuziwa tu. Mtayarishaji wa muziki naye vile vile: FL Studio inakula prosesa na ramu, na bongo fleva haipitii kwenye grafiki. Kibanda cha kuonyesha filamu kitaendelea kama kawaida. Vijana wa gemu watapata PES 2013 na ndugu zake wa umri huo, si zaidi.

Mhariri wa video ndiye mwenye tatizo la kweli. DaVinci Resolve bila kadi nzuri itagoma au itakutesa. Premiere itafanya kazi ukiingia kwenye mipangilio ya mradi na kuchagua injini ya Software Only. Itakuwa taratibu, lakini itafika. Kdenlive na Shotcut ni za bure na hazina makuu. Halafu kuna kitu kinaitwa Quick Sync, ambacho Intel imekiweka ndani ya grafiki za prosesa zake tangu 2011: sehemu maalumu ya kukandamiza video ya H.264. Ukiiwasha kwenye programu kama Shotcut, harusi inayotolewa kwa saa nyingi na prosesa peke yake hutoka kwa muda mfupi zaidi. Ubora hupungua kidogo kulinganisha na njia ya polepole, lakini sijasikia mama wa bwana harusi aliyewahi kulalamikia hilo.

Badilisha na namna ya kupiga picha. Simu na kamera mpya hurekodi kwa H.265 ili kuokoa nafasi, na mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 3 au cha 4 hupumua kwa shida ikikutana nayo. Nenda kwenye mipangilio ya kamera uchague H.264 na 1080p. Kwa video ambazo zimeshapigwa, tengeneza proksi: nakala ndogo ndogo unazohariria, halafu programu inarudi kwenye zile halisi wakati wa kurenda. Premiere, Kdenlive na Shotcut zote zinafanya hivyo. Rangi nzito na vikorombwezo viache hadi mwisho. Na kwa kurenda kwenyewe, kuna njia ambayo haiko kwenye kitabu chochote cha kompyuta: zungumza na mwenzako mwenye mashine nzima, umlipe kwa usiku mmoja akiwa amelala. Unapeleka diski saa mbili usiku, unaichukua alfajiri. Ni rahisi kuliko kukopa, na kesho ya kwake ikiharibika atakuja kwako.

Kadi ambayo haijafa kabisa, inayoonyesha picha lakini inazima ukiipa kazi nzito, inaweza kubembelezwa. MSI Afterburner, programu ya bure, inakuruhusu kupunguza kikomo cha umeme hadi kama asilimia 70 na kushusha kasi ya kadi na ya kumbukumbu yake. Mara nyingine inakuvusha msimu. Tumia muda huo kumaliza kazi ulizopokea, si kupokea mpya.

Atatokea mtu wa kukwambia aipashe moto. Wengine huiweka kwenye oveni, wengine hutumia blowa. Ni kweli kwamba baadhi ya kadi hufufuka. Sababu yake inaeleweka vizuri tangu 2008, wakati NVIDIA ilipotenga dola milioni 150 hadi 200 za Marekani kwa ajili ya kasoro kwenye chipu za laptopu: viungio vidogo sana kati ya chipu na kitako chake vilikuwa vinapata ufa kwa kupanda na kushuka kwa joto. Moto huvigusanisha tena kwa muda, lakini ufa uko pale pale, na baada ya siku au wiki kadhaa kadi inarudi kaburini. Kwa kuwa kadi haihifadhi kazi yoyote, hakuna unachookoa kwa kuifufua siku mbili. Usimlipe fundi bei ya ukarabati kwa kupasha moto. Mlipe kidogo, na mkubaliane mbele ya shahidi kwamba ikifa ndani ya mwezi hela inarudi. Akikataa, ameshakupa jibu. Na tafadhali usiiweke kwenye oveni au jiko la chakula cha watoto: kadi za zamani zina risasi kwenye lehemu yake.

Kwa mwenye laptopu maneno ni machache. Grafiki imechomelewa kwenye mazabodi, haichomoki. Kama laptopu ina Intel na NVIDIA pamoja, izime ile ya NVIDIA kwenye Device Manager, uendelee na Intel. Kama skrini ni nyeusi kabisa, jaribu monita ya nje kwanza, maana huenda tatizo ni skrini au waya wake. Kubadilisha chipu kunahitaji mashine maalumu na mkono uliozoea, na kwa laptopu ya miaka kumi bei yake mara nyingi haina maana.

Basi, umepima yote, prosesa yako ni ya F au kazi imekua hadi inadai kadi. Nunua, lakini kwa karatasi mkononi. Andika modeli kamili ya kompyuta, wati za pawasapulai zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, na upana wa kasha. OptiPlex zile nyembamba zina pawasapulai ya wati 240 au 255 hivi, hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, na kadi ya urefu wa kawaida haiingii kabisa. Soketi ya mazabodi inatoa wati 75 kwa ukomo. Kwa hiyo unatafuta kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada: GT 1030, GTX 1050 Ti fupi, au zile za ofisi kama Quadro K620 na P620. Kila moja ina mtego wake. GT 1030 haina kabisa sehemu ya kukandamiza video, kwa hiyo kwa mhariri haina faida kubwa. Tena ipo ya GDDR5 na ya DDR4, na ya pili ni dhaifu mno ingawa jina ni lile lile. P620 ina soketi ndogo za mini DisplayPort tu, bila adapta hutaona picha. GTX 1650 ni nzuri, ila baadhi zinadai waya wa ziada. Zaidi ya hayo, NVIDIA imetangaza kwamba draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa kizazi cha 1030 na 1050 Ti. Kadi haitazimika kwa sababu hiyo, ila isiuzwe kwako kama kitu kipya.

Kuna feki nyingi. Kadi za kale kama GTS 450 ya mwaka 2010 hubadilishwa bayosi zikajitambulisha kwa Windows kama 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu matoleo ya 2018, huzitambua nyingi na kuandika FAKE kwenye jina. Ukiona "1050 Ti" yenye soketi ya bluu ya VGA, itilie shaka hapo hapo, kwa sababu kizazi hicho kiliacha VGA. Kuna pia zilizochimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku na kumwagwa sokoni baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa namna hiyo tarehe 15 Septemba 2022. Si lazima ziwe mbovu, lakini feni zake zimechoka, na zile za P106 hazina soketi ya picha hata moja. Mwombe muuzaji video moja isiyokatwa: kadi ikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe, GPU-Z ikiwa wazi, kisha FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito, ikiendeshwa kwa dakika kumi na tano huku joto likisomeka. Muuzaji wa kweli atafanya. Kama una ndugu Dar, mtume yeye akaone kwa macho, na nauli yake ya daladala uihesabu kwenye bei.

Kabla kadi mpya haijachomekwa, jiulize ya kwanza iliuawa na nini. Mara nyingi ni umeme. Kawaida ya nchi ni volti 230. Ukishuka na kupanda ghafla baada ya kukatika, pawasapulai ya bei rahisi hupitisha msukosuko huo hadi ndani. Fridge guard ya kawaida inasaidia kwa sababu inachelewa kuruhusu umeme uliorudi, na bei yake ni ndogo kuliko kadi yoyote. UPS ikiwezekana ni bora zaidi. Umeme ukikatika, zima swichi ukutani usiwahi kuuwasha unaporudi.

Kuna muuaji mwingine asiyesemwa. Nyumba nyingi hazina ethi inayofanya kazi, na kiangazi udongo ukikauka hata iliyopo hudhoofika. Kompyuta isiyo na ethi hubeba kwenye kasha lake volti karibu nusu ya zile za ukutani, kupitia vichujio vya pawasapulai. Ndiyo maana unapoligusa kwa mgongo wa mkono linatekenya. Ukichomeka waya wa HDMI kwenda kwenye runinga huku vyote vimewashwa, tofauti hiyo hupita kwenye soketi ya grafiki. Unganisha waya kwanza, washa baadaye. Mvua zikianza Novemba ongeza radi: dishi juu ya bati, king'amuzi, runinga, HDMI, kompyuta, yote ni njia moja. Wingu likijifunga, chomoa HDMI na waya wa umeme, kuzima tu hakutoshi. Fundi wa kurekebisha ethi mwite sasa, kabla ya mvua, upime tena kiangazi kijacho.

Na hiyo iliyokufa usiitupe wala usiichome na takataka. Feni, kipoza joto na kapasita zake vina kazi kwenye meza ya fundi. Mpelekee, mwambie akupunguzie gharama ya pesti na usafi wa mashine, na umwombe akuonyeshe hesabu yake kabla hajaanza kazi.